Kutibu Mkono Usiokuwepo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa juu ya mguu wa mtu. Mguu wenyewe haukuwepo, lakini mwenyewe ndivyo alivyosema, na kilio alichotoa sijakisahau. Ninyi mliobaki katika chumba cha mazoezi pale Nakivale mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla yenu. Sijui mahali pengine pa kuanzia.

Ilikuwa mwaka 1996, katika zahanati ya kambi ya jeshi, Mbarara. Mume wangu alikuwa sajini. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, nikachukuliwa kufagia wodi na kubadilisha mashuka. Karibu na dirisha alilala koplo mmoja, Byaruhanga, aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti baada ya kukanyaga bomu la ardhini. Nilikuja na beseni la maji nimwoshe uso. Upande ule shuka lilikuwa limelala bapa kabisa, nikakaa.

"Wewe mama! Toka! Unakaa juu ya mguu yangu!"

Niliruka, maji yakamwagika. Askari wa kitanda cha pili akacheka. "Koplo, mguu yako ilishastaafu. Wewe ndiyo uko kazini bado."

Byaruhanga hakucheka. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Akaniambia nitazame kama vidole vimepinda. Nikatazama shuka tupu, nikamwambia ukweli, kwamba sioni vidole.

"Mimi naona," akasema. "Kidole kubwa imepanda juu ya ingine. Nyoosha."

Nikanyoosha. Nilishika hewa mahali alipoonyesha, nikavuta taratibu, na yule mtu akashusha pumzi, akafumba macho. Nikabaki nimeinama na mikono hewani. Baadaye wake wa askari walieneza kwamba nilihisi nyama mikononi. Sikuhisi kitu. Nayaandika haya kwa sababu maneno yale bado yanazunguka.

Wakati huo jibu la maumivu kama hayo lilikuwa sindano ya pethidini. Nesi alidunga, koplo akalala. Kesho yake aliitaka saa moja mapema, keshokutwa saa mbili mapema. Baada ya miezi mitatu alikuwa akiniita kwa jina la dada yake na kukojoa kitandani, na mguu bado ulikuwa pale pale chini ya shuka, vidole vimepinda. Sindano haikuuondoa mguu. Aliyeondoka ni Byaruhanga.

La mume wangu nitalisema mara moja, kisha niendelee. Alipigwa risasi ya nyonga, akapona kidonda, akabaki na maumivu na hamu ya sindano. Zahanati ilipomkatalia alitafuta za nje, na aliyemletea ni mimi. Niliweza kuvumilia kila kitu isipokuwa kumsikia akilia. Alifariki mchana mmoja, ameketi kwenye kiti, redio inasema. Tulimzika kwao Isingiro. Watu walisema ni ile risasi ya zamani. Mimi najua nilichobeba ndani ya kikapu.

Mjane hakai katika nyumba za kambi. Nilipotoka nilisikia kwamba huku Nakivale, kambi ya wakimbizi, wanatafuta mtu anayejua Kiswahili, kwa kuwa wakimbizi wengi walikuwa wametoka Kongo na wahudumu wengi walijua Kinyankore na Kiingereza tu. Huko ndiko nilikokutana na Beatrice, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Alikuja kazini kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na siku ya kwanza alinifundisha jambo moja tu.

"Mama, mtu akikwambia mguu uliokatwa unamuuma, usimwambie haupo. Hilo analijua, aliyekatwa ni yeye. Muulize uko wapi na umekaaje."

Nikamweleza habari za Byaruhanga na kidole. Nilidhani atacheka. Aliandika kwenye daftari lake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na vipande vya shuka vya kufungia kisiki cha mkono au mguu, maana kikibanwa vizuri kinauma kidogo. Tulikuwa na kimfuko cha mchanga tulichokipasha moto juu ya jiko la mkaa. Tulikuwa na vidole vyetu, vya kupigapiga kisiki polepole mpaka ngozi izoee kuguswa. Tiba hii haina kopo wala lebo, ndiyo sababu wageni wa kutoka ofisini walikuwa wakiuliza, "Na dawa mnaweka wapi?" Wenye saratani tuliwaachia daktari na morfini yake, na ilikuwa haki yao. Sikatai dawa. Nakataa kumpa mtu dawa kwa sababu mimi nimechoka kumsikia.

Halafu tulikuwa na kioo. Kilikuwa mlango wa kabati la nguo. Fundi mmoja wa Kamukuzi, kule Mbarara, alikiwekea miguu kisimame, tukakisafirisha nyuma ya pikapu katikati ya magunia ya maharagwe, uso juu. Niliketi kando yake kukilinda, nikaona mawingu yakipita chini ya miguu yangu njia nzima.

Matumizi yake mnayajua, ila nitayaandika kwa ajili ya atakayekuja. Kioo kinasimama katikati ya mikono miwili. Mkono mzima unakaa mbele yake, kisiki kinafichwa nyuma. Mgonjwa akitazama ndani anaona mikono miwili. Anausogeza ule mzima, na uliokufa unasogea. Beatrice alieleza kwamba ubongo ni kama askari wa zamu aliyesahauliwa langoni, hakuna aliyemwambia akapumzike. Kioo ndicho kinachompelekea habari.

Mara ya kwanza wengi hulia. Wengine hugeuka haraka kutazama nyuma ya kioo, na ninyi mkiwa karibu mtajikuta mmetazama pia. Kulikuwa na maneno kwamba ni uchawi, mpaka mchungaji mmoja wa kanisa akaja kukikagua. Alikizunguka mara mbili, akachana nywele, akasema hana neno. Hata hivyo, mawingu yakianza kunguruma, wagonjwa walikimbia kukifunika kwa kitenge kabla hata ya kufunga dirisha.

Mama Riziki aliletwa mwaka 2011 na dada yake mkubwa, Nabintu. Wote wawili walikuwa wakulima kutoka Kivu ya Kusini, walioikimbia vita mpaka wakafika kwetu. Mkono wa kushoto wa Mama Riziki ulikuwa umekatwa kwa panga chini ya kiwiko. Kidonda kilipona zamani, kovu safi. Shida ilikuwa tramado, vidonge vikali vya kutuliza maumivu. Alianza na vidonge viwili kwa siku, sasa alimeza vilivyojaa kiganja. Vilikuwa vimekwisha kumwangusha kifafa mara mbili, na mara ya pili aliangukia mafiga. Shingoni alikuwa na kovu la moto lililokuwa bado linang'aa.

"Musawo," Nabintu aliniambia, maana hapa kila mhudumu wa afya huitwa hivyo, "huyu dada yangu atakufa. Banamuuzishia ile dawa sawa karanga. Nikificha, anaenda kutafuta mwenyewe mpaka mu senta."

"Nyamaza weye," Mama Riziki akasema. "Si weye iko na mukono inaluma."

"Miye niko na dada inaniluma."

Daktari wetu alisema wazi mbele yao: akianguka motoni tena huenda hatapona, na akiacha vidonge vyote kwa mara moja, kifafa kitamrudia vile vile. Inabidi apunguze kimoja kimoja, na hawezi kupunguza kama maumivu hayapungui. Kwa hiyo alitukabidhi sisi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, kumtoa kwenye vidonge kabla moto haujamchukua.

Nikamuuliza kama nilivyofundishwa. Mkono uko wapi?

"Iko hapa." Alionyesha hewa chini ya kisiki. "Imefungwa. Imekamata nguvu. Makucha inaingia mu nyama."

Tukaanza. Jumanne ya kwanza alipotazama kwenye kioo aliacha kupumua. Mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa wazi mezani, ukajikunja wenyewe ukawa ngumi, kana kwamba umeitwa. Nikamwambia, kama tunavyowaambia wote, "Sasa fungua yote miwili, polepole." Akakataa. Alikubali kuzungusha kifundo, kukunja kiwiko, kupanda na kushuka. Kufungua alikataa. Jumanne ya pili hivyo hivyo, na ya tano. Vidonge vilipungua viwili, vikaongezeka vitatu. Nilimgombeza. Nilimwambia anapoteza wakati wake na wetu.

Jumanne ya sita nilifanya kosa ambalo naliandika hapa ili lisifanywe tena. Nilishika vidole vyake vya mkono wa kulia, nikavifungua mimi, kimoja kimoja, nikijiambia kwamba natumia upole. Ndani ya kioo mkono wa kushoto ukafunguka.

Hakulia mara moja. Kwanza alitega sikio, kama mtu aliyeangusha kitu akisubiri kisikike kinapofika chini. Kisha akapiga ukelele.

"Umemuangusha! Umemuangusha!"

Nakiri kwamba niliangalia sakafuni. Hata Beatrice, aliyekuwa mlangoni, aliangalia. Palikuwa na saruji na kandambili zake.

Alasiri hiyo alimeza vidonge vyote alivyokuwa navyo, kifafa kikamwangusha. Nabintu alimvuta kutoka kando ya jiko kwa gauni, gauni likachanika, mtu akapona. Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao. Nabintu alikuwa nje akimenya mihogo, hakunipa kiti.

"Unajuwa Riziki ni nani?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Wiki sita nilikuwa nikimwita mtu kwa jina la mwanawe na sikuwahi kuuliza mwana yuko wapi.

"Alikuwa na miaka ine. Tulikuwa tunakimbia, mama yake amemukamata kwa mukono. Ule mukono wa kushoto. Njo ule balikata. Mukono ikabaki kule na mutoto. Sisi tukapita." Alirusha muhogo kwenye sufuria. "Sasa weye kila juma unamwambia, fungua, fungua."

Niliingia ndani. Mama Riziki alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yametazama paa la turubai. Nilimwambia kwamba kosa ni langu. Nilimwambia pia nilichombebea mume wangu katika kikapu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alinisikiliza bila kugeuza kichwa.

"Miye sina wazimu," akasema baadaye. "Minajua mutoto alikufa. Lakini hakuzikwa. Mutu anaachia mutoto asiyezikwa? Namuacha fasi gani? Mu njia?"

Nabintu ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na kisu. Katika ukoo wao, mtu akipotea bila mwili kupatikana, hukatwa gogo la mgomba la urefu wake, likaoshwa, likavishwa, likazikwa kwa jina lake.

"Nilimwambia tufanye toka tulifika hapa," Nabintu alisema. "Anakataa."

"Si kukataa." Mama Riziki aliinuka akaketi. "Kama ni mutoto mudogo, mama njo anamuweka mu kaburi mwenyewe, na mikono mbili. Na mbili! Si na moja kama mutu anatupa takataka. Miye mbili nitatoa wapi?"

Nilirudi zahanati kwa miguu nikilifikiria neno hilo. Nilipomweleza Beatrice alichezea funguo za pikipiki.

"Vitabu vyangu havina ukurasa huo," akasema. "Chukua kioo."

Tulifanya asubuhi, jua limeshapanda, nyuma ya nyumba yao palipopandwa migomba michache. Tulikuwa sisi wanne tu. Nabintu alichimba mwenyewe, shimo fupi lenye kina cha mkono. Alipotaka kukata gogo aliweka kiganja kwenye paja lake, akauliza, "Hapa?"

"Hapana," mama mtu akasema. "Alishapita hapo." Akakipandisha kile kiganja vidole viwili.

Waliliosha gogo kwa maji ya birika, wakalifunga kwa kitenge cha buluu. Nabintu alishika upande wa miguu. Mama Riziki alipiga magoti upande wa kichwa, nami nikapiga magoti nikikishikilia kioo katikati ya kifua chake, kisiki nyuma, mkono wa kulia mbele, umeingia chini ya kitenge. Akainamisha shingo akatazama. Mikono miwili ilikuwa imembeba mtoto.

"Musawo," akaninong'oneza, "usiitingishe."

Nilijitahidi. Walishusha, nami nikashuka na kioo sambamba nao, magoti yangu yakizama kwenye udongo mbichi. Mikono yangu ilitetemeka, na kioo kilipotetemeka mikono yake yote miwili ilitetemeka. Sikusikia ndege. Ng'ombe wa jirani waliokuwa wakipita na pembe zao ndefu walisimama, na mchungaji wao hakuwaswaga. Gogo likafika chini. Mama Riziki akaongea kwa Kibembe, lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchana ili akalime. Sikuelewa, na sikuuliza. Kisha mkono wa kulia ukafunguka wenyewe, na wa kushoto ukafunguka nao, na akaketi juu ya visigino akitoa pumzi ndefu kuliko ninavyoweza kuielezea.

Nilipokiondoa kioo niliona jambo moja. Upande wa kushoto wa kitenge, ambako hakukuwa na mkono wa mtu, palikuwa na mikunjo mitano midogo, kama ya vidole vilivyobana kitambaa halafu vikaachia. Nabintu ndiye aliyekifunga kitenge kile, na huenda ni vidole vyake. Nilimtazama Beatrice, naye alikuwa ameitazama. Hatujawahi kuizungumzia. Nimeandika nilichokiona, na udongo ukamwagwa juu yake.

Msidhani mambo yalikwisha hapo. Kaburi halimwachishi mtu tramado. Makucha yaliacha kuingia kwenye nyama siku ile ile, lakini mwili ulikuwa umezoea vidonge na ulivitaka. Daktari alipunguza kimoja, tukasubiri, akapunguza kingine. Kulikuwa na siku za kutetemeka, za kuharisha, za kunitukana mimi na marehemu mama yangu. Nilimwekea kimfuko cha mchanga mgongoni, nilimpigapiga kisiki, nilimpumulisha kwa kuhesabu mpaka sauti ikanikauka. Mara mbili alirudi nyuma. Mara moja nilimkamata na vidonge vya kununua vimefungwa kwenye kilemba, nikavimwaga chooni, akasema mimi ni mchawi. Siku kidonge cha mwisho kilipoisha, Beatrice alileta soda. Nabintu aliifungua yake kwa meno, akaimaliza bila kuketi, akatuambia kwamba anachelewa shambani.

Niliandika kwenye faili: amepona. Jumanne iliyofuata Mama Riziki akaja, akaketi mahali pake pa siku zote.

"Mkono uko wapi?" nikamuuliza.

"Iko hapa. Imefunguka. Hailume tena." Akakisugua kisiki. "Inasikia baridi."

"Baridi?"

"Haikamate kintu, musawo. Iko wazi tu. Upepo inapita mu vidole."

Joto la mchana wa Nakivale mnalijua. Niligusa chini ya kisiki, nimeshazoea kugusa hewa, na sikuhisi kitu. Lakini sikumwambia kwamba hakuna kitu, na sikumwandikia dawa, na sikumwambia ashukuru. Nilikwenda jikoni nikaleta beseni la maji ya vuguvugu. Nikasimamisha kioo, nikamwambia aingize mkono wa kulia majini na atazame. Mvuke ulipanda pande zote mbili. Baada ya muda mabega yake yakashuka.

"Njo vile," akasema.

Nilifuta lile neno kwenye faili. Amekuja kila Jumanne tangu hapo mpaka nilipostaafu mwaka huu. Hamezi kidonge chochote, analima, anagombana na dada yake, na shingo yake ina kovu moja tu la moto. Mkono hauumi. Una baridi. Sijui kama baridi hiyo ina mwisho, na sitawadanganya, maana hata yangu, tangu kile kikapu, sijaona mwisho wake.

Jumanne atakuja kwenu mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Msimpe kidonge. Msimweleze habari za ubongo, anazijua kuliko ninyi. Pimeni maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Mwacheni akae mpaka maji yapoe. Akiutoa mkono, chukueni taulo safi, mkaushe wa kulia, kisha mzunguke nyuma ya kioo mkaushe na ule mwingine, vidole vyote, bila haraka.